Watu wa Nyota Waliokaa Hotelini Kwangu

Ndugu yangu mdogo alileta watu wa nyota nyumbani kwangu mwaka ule wa njaa ya mahindi ya njano, na mimi niliyeijenga nyumba hiyo nikakosa pa kukaa. Mabenchi yote yalikuwa yamejaa watu wanaomsikiliza. Nilisimama kando ya jiko kama mfanyakazi, mikono imejaa unga wa mandazi, nikimtazama baba yangu akicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mama atutoke.

Niseme mimi ni nani, ili anayesoma ajue ni nani aliyekuwa amesimama. Nilisoma hadi darasa la tatu. Mwalimu alinichapa kwa kusinzia, na nilisinzia kwa sababu tangu alfajiri nilikuwa juu ya mti nikichuma miraa ya mtu mwingine. Siku hiyo niliondoka na sikurudi. Nilipanda miti ya watu miaka sita bila viatu. Halafu nikajifunza kufunga mabunda, halafu kuyapeleka sokoni kwa baiskeli, halafu nikapanda miti yangu mwenyewe. Nyumba ya kwanza ya mawe upande wetu wa Mikinduri ni yangu. Mbele ni hoteli ya chai, ubavuni ni stoo ya kufungia miraa, nyuma ni vyumba vya kulala. Hakuna aliyenishika mkono. Asiyependa kusikia hivyo akajenge yake.

Nyumba ilipokwisha nilimleta baba aje kukaa nami. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Nilimzungusha chumba kwa chumba, akapapasa kuta kwa kiganja, akabisha kwenye mbao, akanusa rangi. Alipofika kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe alitanua viwiko akaupima.

"Mlango ni mwembamba," akasema.

Hakusema lingine. Siku hiyo wala mwaka huo.

Mimi sikutaka ng'ombe wake, wala shamba. Nilitaka aniambie mbele ya watu, "Umefanya vizuri." Maneno mawili. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wanaonyoa ndevu, na bado nilikuwa nayangoja maneno hayo mawili kama mbwa anayengoja mfupa. Siyo jambo la kujivunia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ndugu yangu ni mwalimu. Nilimsomesha mimi. Wamisheni walimchukua bweni akiwa bado mdogo, na huko miraa ilikuwa dhambi, hata kuitaja. Baadaye chuo, na baada ya chuo wakampeleka kufundisha Ishiara, kule Mbeere, kwenye joto na miiba. Akaoa binti wa Embu. Kwa wakwe zake hawakumuuliza miraa ya posa. Walitaka mbuzi na pombe ya asali. Kwa hiyo ukimtazama ni Mtigania, Mmeru wa upande wetu, jina ni la Mtigania, ila hajawahi kufunga bunda hata moja maishani mwake. Likumbuke hilo.

Alikuja likizo ya Agosti. Mvua ya masika ilikuwa imekataa kabisa. Watu walikuwa wanapanga foleni kuchukua yale mahindi ya njano ya msaada, ambayo wengine walisema ni chakula cha mifugo ya ng'ambo. Baba alimuuliza, "Umetuletea nini kutoka Ishiara?"

"Huko kuna joto na mbuzi, baba. Na hizi." Akatoa daftari tatu kwenye mkoba, zile za wanafunzi, zimejaa mwandiko pande zote mbili.

"Ni mitihani?"

"Ni hadithi. Nimeitunga mwenyewe."

"Basi isome. Macho yangu yamestaafu."

Akaketi kwenye benchi la katikati, saa tisa alasiri, saa ambayo soko linalegea na watu wanaingia kunywa chai. Akaanza kusoma, akitugeuzia kwa Kimeru kila alipofika mwisho wa mstari.

Hadithi ilikuwa hivi. Ng'ambo ya mto Thuci, karibu na Ishiara, inashuka nyumba kutoka angani, imefanana na kibuyu kilichofunikwa. Ndani yake wamo watu warefu wasio na midomo. Wametoka kwenye nyota nyingine, na nyota yao imekufa, kwa sababu kati ya nyota na nyota kuna vumbi linalotembea, vumbi pana kuliko dunia, na likifika kwenye jua la watu linalifunika. Sasa vumbi hilo linakuja kwetu. Tayari asubuhi zinachelewa. Ngano ya Wazungu imenyauka ikiwa shambani. Mataifa makubwa yanatuma ndege na wakubwa wao Ishiara kuwauliza wageni: ninyi ni nani, mmetaka nini, mna silaha gani, vumbi litafika lini. Wageni wanafunga mlango wao. Mtu pekee wanayemtokea ni mzee mmoja mchunga mbuzi, aliyewaona kwanza. Mara tatu wamekuja, wameweka kitu juu ya jiwe mbele yake, kisha wamerudi nyuma na kukaa mbali. Mara tatu wakubwa wamekuja mbio na maswali yao, na wageni wameondoka. Hakuna anayeelewa.

"Na huku kwetu vumbi limefanya nini?" baba akauliza.

"Huku mvua imekataa," mwalimu akasoma.

Mtu mmoja aligeuka akatazama nje, juu, kama anayekagua.

Hapo ndipo wivu uliponishika, na haukuja polepole. Miaka kumi na miwili watu walikuwa wakiingia katika hoteli ile kunisikiliza mimi: gari lilivyokwama mtoni na miraa ikaoza, nilivyompiga mwizi kwa kiatu chake mwenyewe. Sasa chai ilipoa kwenye vikombe. Kulikuwa na mama mmoja aliyeleta viazi kutoka Kibirichia, mwanamke mwenye mdomo, ambaye kwa kawaida hakai hata dakika tano, anashusha magunia na kuondoka akilalamika. Mwaka huo viazi vyake vilikuwa vidogo kama gololi, na vichache. Alikaa alasiri nzima, gunia moja katikati ya miguu, akisahau kuliuza. Hata mke wangu, ambaye katika ndoa yetu yote hajawahi kuniuliza miraa inafungwaje, alitoka jikoni akijifuta mikono na kumuuliza mwalimu, "Na hao watu wana watoto?"

"Wanao, mama. Wamewaacha ndani ya kibuyu."

"Wanawanyonyesha namna gani bila midomo?"

Watu wakacheka, mwalimu akacheka, baba akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilipiga sufuria kwenye meza.

"Hao watu wako wanakula nini?" nikasema. "Mtu asiye na mdomo anakula wapi?"

"Shh," akasema mama wa viazi. Alininyamazisha mimi, katika hoteli yangu, akiwa amekalia benchi langu.

Siku ya pili nilifungua redio wakati wa kusoma, sauti juu kabisa, taarifa ya bei za mazao. Baba hakuinua hata kichwa. "Zima," akasema. Nikazima.

Siku ya nne daftari ya tatu ilikwisha, na hadithi haikwisha. Mwalimu alikiri mbele ya wote kwamba amekwama. Hajui wale wageni na yule mzee watasikilizana vipi, na wasiposikilizana dunia itaishia gizani.

"Basi kaitafute," baba akasema. "Lakini usinibandikie kiraka, Mwalimu. Mimi si mtoto. Niletee mwisho wenyewe."

Juma hilo kifua kikambana. Alilala kitandani nyuma ya ule mlango wangu mwembamba, akinywa uji nusu kikombe, na kila asubuhi nilipompelekea maji ya kunawa swali lake lilikuwa moja. "Mwalimu amepata?" Hakuniuliza nimeamkaje. Hakuniuliza miraa imekwendaje.

Mwalimu alijaribu. Alimletea mwisho wa profesa wa ng'ambo anayeandika hesabu ubaoni mpaka wageni wanaelewa. Baba akamsikiliza hadi mwisho. "Huyo profesa amefikaje Ishiara upesi hivyo? Daraja la Thuci lilibebwa na mafuriko ya zamani, ulisema mwenyewe." Akamletea mwisho wa mashine inayotafsiri. "Nani aliifundisha Kimbeere?" Akamletea mwisho wa mtoto mchanga anayeshika mkono wa mgeni. Huo ulimfanya baba ageuzie uso ukutani.

Mimi niliupata mwisho nikiwa stoo, siku ya soko, asubuhi, nikifunga ncoolo ya kijana wa jirani aliyekuwa anakwenda kuposa.

Kwa wasiojua: ncoolo ni bunda la miraa ya miti mizee, iliyochaguliwa kijiti kwa kijiti. Ndani yake kuna vibunda vidogo, na nje imevikwa majani mabichi ya mgomba na kufungwa kwa kamba ya mgomba. Haiuzwi. Mtu mwenye jambo zito, la posa au la kuomba msamaha, haanzi kwa mdomo. Anaiweka ncoolo mbele ya mwenye mji, anarudi nyuma, anakaa mbali. Mwenye mji akiifungua na kutafuna, amekubali kusikiliza, na hapo ndipo mdomo unapofunguliwa. Asipotaka anairudisha. Lakini kumkimbilia aliyeileta na kumuuliza "umetaka nini?" wakati bunda liko chini halijaguswa, hilo ni tusi. Mtu anainuka anakwenda zake, na ana haki.

Kidole changu kilikuwa juu ya fundo. Nikaona lile jiwe la Ishiara, kile kitu juu yake, wale warefu wamekaa mbali wakingoja. Wametukanwa mara tatu na dunia nzima. Ilikuwa wazi kama maji. Mtu yeyote wa Tigania aliyefunga bunda angeuona mwisho huo, na aliyeitunga hadithi hakuuona, kwa sababu alikuwa bweni akifundishwa kwamba miraa ni dhambi. Aliandika desturi yetu bila kujua kwamba ni yetu. Labda aliiona akiwa mdogo mgongoni mwa mama.

Nilinyamaza. Siku tisa nilinyamaza. Nilijiambia, ana vyeti, na avisome. Nilijua kwamba nikimpa mwisho ule, atausoma kwa ile sauti yake ya kanisani, na baba atamwambia yeye maneno yangu mawili. Heri dunia ya Ishiara ife na vumbi.

Siku ya saba kati ya hizo tisa alinifuata stoo mwenyewe.

"Mkubwa wangu," akasema, "wewe umetembea. Umekutana na watu wa kila aina. Ungekuwa yule mzee ungefanyaje?"

"Mimi ni mtu wa darasa la tatu. Uliza vitabu."

"Nauliza wewe."

"Basi nitakujibu mbele ya watu." Nikamtangulia hotelini, na kulikuwa na watu kumi au zaidi, na mama wa viazi alikuwepo. Nikasema, "Huyu ni mtu mzima mwenye mshahara. Watoto wa Ishiara wanakula mahindi ya ng'ombe, yeye anawaandikia uongo wa watu wasio na midomo. Mzee wetu anakufa, yeye anambembeleza kwa vibuyu vinavyoruka. Hiyo ndiyo elimu niliyoitolea jasho."

Alikusanya daftari zake, akaingia kumuaga baba, akachukua mkoba, akaenda kukaa kwa dada yetu, ng'ambo ya kijito, mpaka siku ya kurudi kazini. Mama wa viazi alimaliza chai yake taratibu.

"Tajiri," akaniambia, "leo umewanyima watu wote hadithi, hata wewe mwenyewe."

Asubuhi iliyofuata nilimpelekea baba maji. Alinawa. Nikangoja lile swali. Hakuliuliza. Siku ya pili pia hakuliuliza, na uji hakuugusa. Alilala akitazama dari ambayo haioni. Ndipo nikaogopa. Nilikuwa nimelichukia swali lile, na sasa chumba bila swali kilikuwa kama nyumba ambayo moto umezimwa.

Mke wangu alinisimamisha mlangoni na kile kikombe kilichojaa. "Unajua kitu," akasema. "Siku hizi unakula ukitazama ukuta. Hicho unachokijua, mpelekee baba yako kabla hakijawa cha bure."

Nikarudi ndani. Nikaketi kwenye ncha ya kitanda.

"Baba, kile kitu kilicho juu ya jiwe ni kama ncoolo. Hawakutaka maswali. Mzee alipaswa akichukue, akifungue, atie mdomoni, anyamaze. Hapo wangekuja."

Hivyo tu. Sikujua kuongeza neno. Baba alifumba macho mpaka nikadhani amelala. Halafu mguu wake ukasogea chini ya blanketi.

"Ndiyo hiyo," akasema.

Nikangoja.

"Ndiyo hiyo kabisa. Mwite Mwalimu aje."

"Aje afanye nini? Nimeshakwambia."

"Umeniambia," baba akasema. "Sasa nataka kusimuliwa."

Nimepigwa na watu maishani, nimeanguka mtini nikavunja mbavu mbili. Sijawahi kuumia kama pale. Nilitoka nikakaa stoo juu ya gunia tupu, na sikuweza kufunga hata kibunda kimoja.

Lakini mzee alikuwa ameomba, na ndugu yangu alikuwa anaondoka keshokutwa. Sasa mkubwa anamwendeaje mdogo wake aliyemtukana mbele ya watu? Njia ni moja, na hakuna Mmeru asiyeijua. Nilichukua ngazi, nikaitupa, nikapanda kwa miguu, mtu wa umri wangu, kwenye mti mzee kuliko yote tuliyo nayo, ule alioupanda baba mwenyewe ukiwa mche. Nilichuma ncha nyekundu tu. Nilifunga kwa nguvu zangu zote. Nikajitia ncoolo kwapani na kupita katikati ya soko la Mikinduri saa nne asubuhi, kila mtu akiona.

"Tajiri," mama wa viazi akaita kutoka juu ya magunia yake, "unaoa wa pili? Mama watoto anajua?"

"Naenda kuposa mwalimu," nikasema.

Kwa dada yetu mlango ulikuwa wazi. Niliiweka ncoolo kwenye kizingiti, nikarudi nyuma hatua ishirini, nikakaa kwenye jiwe la kunolea panga.

Ndugu yangu alitoka. Alikuwa na wino kwenye kidole. Aliniona mimi kwanza.

"Mkubwa wangu, kuna nini? Ni baba? Umetaka nini, mbona umekaa huko—"

Akatazama chini kwenye kizingiti. Akanitazama mimi. Akautazama uwanja uliokuwa katikati yetu, kuku wakipita. Niliona jambo likimfikia usoni, polepole, kama chai inavyopanda kwenye sufuria, na kinywa chake kikaachama. Sikuwa nimesema neno hata moja.

"Ah," akasema. "Jiwe."

Akageuka akaingia ndani mbio kuchukua daftari.

Aliniacha pale. Ncoolo yangu ikabaki kizingitini, haijaguswa, na jogoo wa dada yetu akaja kuichungulia. Kwa haki yote ningeinuka niende nyumbani, na tusingesalimiana mpaka mmoja wetu afe. Niliinuka. Halafu nikamwona kupitia mlangoni, ameinama juu ya kalamu kama mtu anayekunywa maji baada ya safari ndefu, nikakaa tena. Nilijiambia, watu wa nyota walirudi mara tatu.

Ilichukua kama nusu saa. Alitoka akipepea daftari, akakanyaga karibu na bunda, akashtuka. Akapiga magoti palepale kwenye vumbi, mwalimu na suruali yake ya pasi, akafungua majani, akachomoa kijiti kutoka kibunda cha juu na kuanza kukitafuna kizima bila kumenya maganda, vibaya kabisa, kama mbuzi. Macho yalimtoka machozi kwa uchungu wake.

"Nakusikiliza, mkubwa wangu," akasema na mdomo umejaa.

Nilikuwa na maneno niliyoyapanga njia nzima. Nilikuwa nimwambie kwamba mwisho ni wangu, niliuona mimi, stoo, siku ya soko. Niliyatazama maganda mashavuni mwake.

"Mzee anakungoja," nikasema. "Kesho, saa tisa. Na miraa iliyobaki uilete, usiimalize. Hujui kutafuna."

Mpaka leo anaamini aliupata mwenyewe mlangoni kwa dada yetu.

Kesho yake hoteli ilijaa mpaka barazani. Baba alikataa kusikilizia kitandani. Tukamweka kwenye kiti, mimi mbele na mwalimu nyuma, tukambeba, na tulipofika mlangoni kiti hakikupita. Tulijaribu kikiwa kimenyooka, tukajaribu ubavu. Mwisho tulilazimika kukiinamisha na mzee akapita amelala chali, miguu juu, akishika kofia.

"Nilisema," baba akasema.

Mwalimu alisoma. Nitasema ukweli hata kama unanichoma: alisoma vizuri. Mimi nilikuwa nimeueleza mwisho ule kwa pumzi moja. Yeye alimfanya yule mzee wa Ishiara ainuke, apige hatua kuelekea kwenye jiwe, na njia nzima tukasikia ndege za wakubwa zikivuma nyuma yake na wakubwa wakimpigia kelele asiguse. Mzee akakaa chini mbele ya jiwe. Akakifungua kile kitu taratibu. Hakikuwa na harufu ya duniani. Akakitia mdomoni, akatafuna, akanyamaza. Na wale warefu wakasogea, mmoja, wa pili, wakakaa kumzunguka, wakaweka viganja vyao juu ya goti lake, na kwa viganja hivyo wakasema kila kitu. Vumbi halikuzuiwa. Hakuna wa kuzuia vumbi kama lile. Lakini wao walijua linakaa mavuno mangapi na mbegu gani inaota gizani, wakawapa watu wa Ishiara, na Ishiara ikawapa wengine. Vumbi lilipita, kama njaa inavyopita, na waliokuwa wamesikilizana walibaki. Wageni wakaomba shamba kando ya Thuci. Wakapewa.

Mama wa viazi alilia waziwazi. Mke wangu alisema, "Na watoto wakatoka kwenye kibuyu," na mwalimu akasema ndiyo, mama, wakatoka.

Baba alinyoosha mkono hewani mpaka akaupata mkono wa mwalimu. "Umefanya vizuri," akasema. Mbele ya watu. Maneno mawili, yale yale.

Nilikuwa jikoni. Nilikanda unga uliokuwa umeshakandwa.

Watu walipoanza kuinuka, baba akauliza, "Iko wapi hiyo ncoolo?" Mwalimu alikuwa ameiweka mezani ili watu waione. Wakamsogezea. Baba alibatizwa zamani, lakini hakuacha miraa mpaka meno yalipomwacha yeye. Hakuweza kutafuna tena. Alipapasa majani, akafika kwenye vibunda vya ndani, akachukua kimoja, akapitisha kidole kwenye kamba, akalishika fundo. Alikaa na fundo lile muda mrefu kuliko alivyokaa na mkono wa mwalimu.

"Nani amefunga?"

Hoteli ilikuwa bado nusu imejaa. "Ni mimi, baba."

"Umepanda mwenyewe?"

"Mwenyewe. Ule mti wako."

Akalivuta fundo, halikutikisika.

"Umekaza sana," akasema. "Miraa inapumua. Ukikaza hivi inakufa kabla haijafika. Njoo hapa."

Nikajifuta mikono nikaenda. Akanipa nifungue, kwa sababu vidole vyake havikuweza, halafu akashika vidole vyangu na vyake, vya baridi, na tukafunga upya pamoja, yeye akisema legeza, legeza, hapo, sasa pitisha. Watu walitoka wakatuacha. Mwalimu aliosha vikombe. Tulifunga kibunda kimoja mara tatu, na mara ya tatu hakusema kitu.

Baba alikaa nasi mpaka mvua ya vuli iliporudi. Mazishini watu walizungumza hadithi ya mwalimu, na daftari zile bado ziko kwake, na wivu wangu bado uko kwangu, sijui nitaupeleka wapi. Lakini tangu siku ile nafunga kwa kulegeza kidogo. Wanunuzi wa mji wa Maua wananilalamikia kwamba mabunda yangu yanafunguka njiani. Nawaambia yamefungwa sawasawa.